Sanamu Zenye Bima

Mkono wa kwanza kuvunjika ulikuwa wa saruji. Wa pili ulikuwa wa Thobias.

Ule wa saruji aliuvunja Amosi mwenyewe, mchana kweupe. Aliingia uani kwa Bernadina bila hodi, gambuti zimejaa tope la duarani, huko kwenye mashimo yake ya dhahabu, vijana wake wakimfuata nyuma kama mkia. Bernadina alikuwa amechuchumaa mbele ya sanamu, anailainisha shavu kwa mgongo wa kijiko. Sanamu zilikuwa nne, zote za wanawake, zinamfikia mtu kiunoni. Mmoja alikuwa na karai kichwani. Mmoja ananyonyesha huku nyundo iko mkononi. Mmoja kapiga magoti anaponda mawe. Huyu aliyekuwa akilainishwa alikuwa kanyoosha mkono mbele, kiganja wazi, kama mtu anayedai chake.

"Shikamoo, Baba Suzana," Bernadina akasema.

Amosi hakuitikia. Hapo Bernadina akajua pana shari, maana Amosi huitikia hata salamu ya mtu anayemchukia. Mzee alizunguka zile sanamu polepole, akazigonga vifua kwa ukucha, akainamisha sikio. Kisha akaushika ule mkono ulionyooshwa, akaunyanyulia mguu, akaukanyaga kwa nguvu zake zote. Ukakatika kwenye kiwiko. Nyaya zikabaki zimechomoza.

Bernadina aliruka. Kijana mmoja akampiga kofi la kifua, akamkalisha kwenye beseni la udongo.

"Tulia hapo. Mzee anakagua."

"Anakagua nini? Hii ni saruji!"

"Ndilo ninalouliza," Amosi akasema, ule mkono kaupakata kama mtoto. "Kwangu imeibwa mifuko ya mbale. Mawe yenye dhahabu, Bernadina, si kokoto. Mdogo wako Thobias anachimba kwangu. Halafu nasikia una masanamu yanapanda ndege."

"Ni maonyesho, baba. Ubelgiji. Nimealikwa."

"Na yamekatiwa bima."

Bernadina akajifuta udongo mikononi.

"Yamekatiwa, hayakukatiwa?"

"Yamekatiwa."

Amosi akawageukia vijana wake. "Mmesikia wenyewe. Ninyi mnashuka shimoni kwa kamba, nani ana bima? Mimi sina. Mke wangu hana. Gari langu lina ile ya kibandiko cha kwenye kioo tu, ya kuwanyamazisha matrafiki. Leo saruji ina bima! Nani hapa Katoro ameshawahi kukatia bima saruji?"

Jibu lilikuwa limekwisha kujaa machoni mwao.

Habari ya bima ilikuwa ya kweli, na aliyeitoa nje ni Thobias. Kijana yule alikuwa na moyo mzuri na mdomo usio na komeo. Duarani, watu wakisimuliana kuhusu wanawake na mipira, yeye alisimulia kuhusu dada yake. Dada yangu anakwenda Ulaya. Dada yangu kapewa tikiti. Masanamu ya dada yangu yana bima, yakipata hata ufa wazungu wanalipa. Bernadina alimwonya mara nyingi. "Thobi, mambo mengine tuyafiche mpaka yawe." Thobias anacheka, anasema sawa dada, kesho anaongeza chumvi.

Mlango wenyewe ulifunguliwa na Mama Zeeshan. Jina lake Anar, ana duka la vifaa vya ujenzi Shinyanga mjini, na Kisukuma chake kinakizidi cha watu wengi waliozaliwa Tinde, Usukumani kwenyewe. Siku moja alileta saruji Katoro kwa pikapu yake, akamkuta Bernadina, mteja wa mfuko mmoja mmoja, anamfinyanga mwanamke wa saruji uani kwake, kwenye kivuli cha turubai. Mama Zeeshan si mtu wa kukaa kimya, lakini siku hiyo alikaa. Baadaye akatoa simu, akapiga picha. Mwanawe Zeeshan akatafuta huko mitandaoni, akapata mfuko wa huko nje unaosaidia wasanii kupeleka kazi zao kwenye maonyesho. Mfuko ule haukumpa mtu fedha mkononi. Ulilipia tikiti, viza, sanduku la mbao lenye sponji ndani, usafiri wa kwenda na kurudi, na bima. Sharti lilikuwa moja tu, kazi zifike uwanja wa ndege Mwanza zikiwa nzima.

Bernadina aliishia darasa la saba, akaanza kuponda mawe ya watu. Hakuota kuhamia Ulaya. Alichotaka kilikuwa kidogo, na kwa sababu kilikuwa kidogo kilimkaba. Yule mwanamke aliyepiga magoti alikuwa mama yao, Asteria, aliyeponda mawe Katoro mpaka vumbi likamjaa kifuani akafa anakohoa. Watu walimpita miaka yote wakimtupia mawe ya kuponda, hakuna aliyemtazama. Bernadina alitaka mahali fulani duniani, hata kama ni pa wageni, watu wavae nguo nzuri, wasimame mbele ya mama yake, wamwangalie usoni.

Sasa Amosi alikuwa anaondoka na mkono.

Walikwenda nao moja kwa moja kwenye karasha la Sostenes, ule mtambo wa kusagia mawe ulio nyuma ya soko. Bernadina aliwafuata mbio, pekupeku. Mkono ukapondwa, ukaingizwa mtamboni, ukatoka unga. Sostenes akauosha kwenye karai, maji yakachukua uchafu, akatia zebaki, akaikamua kwenye kitambaa, akakichoma kilichobaki. Watu waliokuwa hapo wakainamisha vichwa. Kwenye kijiko cha chuma ikabaki chembe ya njano, ndogo kama jicho la sisimizi.

Ilikuwa dhahabu.

Amosi hakupiga kelele. Alitabasamu tu. Akili ya mchimbaji ni ya kuzidisha. Kama mkono umetoa hii, je, kifua? Je, miili yote minne?

"Ni marudio!" Bernadina akasema. "Nachanganya saruji na marudio, ule mchanga unaobaki baada ya kuosha! Nayachota hapahapa, kwenye lundo la Sostenes. Sostenes, si unanipa wewe? Mwambie!"

Sostenes alikuwa anafuta mikono kwenye kaptura. Bernadina alimwona akimeza mate, akamwona akiangalia lundo lake, akaelewa kabla hajafungua mdomo. Wachimbaji hulipa kusagiwa mawe yao kwa kumwachia mwenye karasha mchanga uliobaki, wakiamini umebaki mtupu. Kama Sostenes angekubali kwamba marudio yake bado yana dhahabu ya kuonekana kwa macho, kila mwenye mawe pale angemuuliza, je, ulikuwa unatuosheaje?

"Huyu dada simjui kwa marudio," Sostenes akasema. "Sijampa hata koleo."

Bernadina alimrukia, kucha zikamfikia shingoni. Vijana wakamtoa kwa mateke. Amosi akamngoja ainuke, akampiga kofi moja, tena kwa utulivu, kama mtu anayefunga mlango.

"Mdogo wako yuko chini, zamu yake inatoka asubuhi. Akipanda nitaongea naye yeye. Wewe zilinde sanamu zangu. Ukizihamisha, Thobias utamwokota vipande."

Bernadina alikwenda duarani, akafukuzwa kwa mawe kabla hajafika kwenye kamba. Akampigia simu Mama Zeeshan. Mama akasikiliza mpaka mwisho.

"Ng'wanawane, mwanangu, mimi kesho nilikuwa nakuja kuzichukua hata hivyo. Nitakuja mapema. Napita polisi Geita, nawaambia. Tutapakia, tutapita duarani, tutamchukua mdogo wako, twende zetu Mwanza."

"Amesema nisizihamishe."

"Amosi? Amosi namjua kabla hajaota ndevu. Nimemuuzia bati kwa mkopo. Atanifanya nini?"

Polisi waliahidi kuja. Mama Zeeshan akaja kabla yao, jua ndiyo linachomoza, na pikapu yenye sanduku jipya la mbao lililogongwa mihuri. Walifanya kazi bila kuzungumza, wao wawili na dereva. Wakaingiza mwenye karai. Wakaingiza mnyonyeshaji. Wakamwingiza yule aliyekatwa mkono, Bernadina akamfunga kiwiko kwa kitambaa, nyaya zisitoboe sponji. Ndani ya moyo wake alijua alichokuwa akifanya. Aliambiwa asizihamishe na alikuwa anazihamisha, na mdogo wake bado yuko chini ya ardhi ya yule mzee. Lakini mikono yake ilikuwa inakwenda. Alijiambia, dakika chache tu, tunampitia.

Alikuwa amebaki mama yake wa saruji peke yake, kapiga magoti kwenye vumbi, waliposikia mwano.

Ni ukelele mrefu wa Kisukuma, unapanda unashuka. Ukipigwa, kila mwenye miguu hutoka na alichonacho mkononi, hamwulizi mtu, kwa sababu anayechelewa kuitikia naye hutiliwa shaka. Ulipigwa upande wa duarani. Ukapokewa sokoni. Ukapokewa kwenye kijiwe cha bodaboda. Na ulikuwa unakuja huku.

"Mayu! Mama wee!" dereva akasema, akapanda ndani ya gari, akafunga vioo.

Walikuja kama maji ya bondeni. Mbele kabisa walikuwa wanaburuta kitu, na Bernadina akakitazama kwa muda kabla hajajua kuwa ni Thobias. Walikuwa wamemfunga mikono kwa kamba ileile anayoshukia shimoni. Uso ulikuwa umevimba mpaka macho yamezama. Alipigwa tangu kichwa chake kilipotokeza shimoni, na kila aliyejiunga njiani aliongeza lake. Mwuza nyanya alikuwa na rungu. Fundi cherehani alikuwa na mguu wa meza. Bernadina alimwona mama mmoja aliyekuwa akiponda naye mawe zamani, anampiga Thobias mgongoni kwa kandambili, analia huku anapiga.

"Kaiba nini?" mtu mmoja nyuma akauliza.

"Sijui. Piga."

Bernadina aliyasikia maneno hayo, yakamkaa kichwani.

Amosi alikuwa na mtaimbo begani. Alipoona sanduku kwenye pikapu, alitikisa kichwa kwa masikitiko, kama mzazi.

"Nilikwambia usizihamishe, sikukwambia?"

Mama Zeeshan akaliacha gari, akamsogelea hadi kidevuni. "Baba Suzana! Una wazimu? Huyu mtoto ataiba mawe yako ayajengee midoli? Wapigie polisi, waje wapime, nchi ina sheria!" Kisha akageukia Kisukuma, na Kisukuma chake kikawafanya baadhi ya watu wacheke hata palepale. Amosi hakucheka. Akaushika mtandio wake, akaukunja mkononi, akamvuta chini. Mtu mwingine akapiga kioo cha pikapu kwa jiwe. Mama Zeeshan akainuka na damu mdomoni, akaitema, akaendelea kutukana, matusi ya Tinde yasiyoandikika.

"Mlete hapa," Amosi akawaambia vijana.

Wakamlaza Thobias kando ya mama yake wa saruji. Wakauweka mkono wake wa kulia juu ya lile jiwe bapa ambalo Bernadina alipondea mawe kabla hajaanza sanamu.

"Thobias, mwenzako nani? Mlitoa mifuko kwa njia gani?"

"Sijaiba, mzee," Thobias akasema. Meno hayakumruhusu vizuri. "Haki ya Mungu sijaiba. Dada, waambie."

Mtaimbo ukashuka.

Sauti yake haikuwa kubwa. Ilikuwa kama mtu kakanyaga ukuni mbichi. Thobias alifungua mdomo na hakikutoka kitu, halafu kikatoka, na hata wale waliokuwa wakicheka wakaacha. Mkono ukawa umepinda mahali pasipo na kiungo.

"Bado wa kushoto," Amosi akasema. "Halafu tairi lipo."

Kweli lilikuwepo. Kijana mmoja alikuwa analiviringisha kutoka barabarani, na mwingine kashika chupa ya petroli ya bodaboda.

Bernadina hakukimbilia kwa mdogo wake. Angekimbilia wangemlaza naye pale. Alisimama akawatazama watu. Aliwatazama kama alivyozoea kuwatazama wakati anaponda mawe, pale ambapo hakuna anayemwona. Akaona vijana wa Amosi wako wachache, wamemzunguka mzee, macho yao yako kwenye sanduku. Wengine wote, lile kundi kubwa, macho yao yako kwa Thobias tu. Hawana habari na sanduku. Wameitwa kwa mwano wakaja. *Kaiba nini? Sijui.* Amosi hakuwaambia. Angewaambiaje? Angewaambia ingebidi wagawane.

Akachukua nyundo yake ya zamani, akapanda kwenye pikapu.

"Jamani!" akapiga kelele. "Wana Katoro! Mnajua mnampigia nini huyu mtoto? Mmeambiwa? Humu ndani mna dhahabu!"

Amosi akageuka. "Mshusheni huyo!"

"Dhahabu! Amosi anaitaka peke yake! Amewaita mumuulie mtu bure, nyie mrudi kwenye nyanya zenu, yeye aende benki!"

Akakinyanyua kifuniko cha sanduku, akampiga mwenye karai kichwani. Kichwa kilipasuka vipande, ndani ya saruji ile ya marudio vijiwe vikametameta juani, vile visivyo na thamani yoyote lakini vinang'aa kuliko dhahabu yenyewe. Akachota kipande akawatupia. Kikaangukia miguuni kwa fundi cherehani. Akakiokota, akakigeuza.

"Kweli!" kijana mmoja wa karashani akasema kwa sauti. "Jana mkono wake umetoa! Nilikuwepo, nimeona kwa macho yangu!"

Basi.

Walipanda kwenye pikapu kama siafu. Bernadina alipiga mnyonyeshaji, akapiga tumbo, akapiga mtoto. Akampiga aliyekatwa mkono, akatupa huku, akatupa kule, mbali na Thobias, mbali zaidi. Mikono ilimpora vipande kabla havijamtoka. Mtu alimwuma kidole. Sanduku likasukumwa, likaanguka chini, likafumuka mbao, na wanaume wazima wakaanza kuchana sponji kwa meno, mmoja akatimka nalo chini ya kwapa asijue amebeba nini. Mwuza nyanya alimpiga rungu mwuza nyanya mwenzake. Yule mama wa kandambili alikuwa chini, kalalia kiganja cha saruji, anakanyagwa, hakiachii.

Amosi aliingia katikati na mtaimbo. "Mali yangu! Hiyo ni mali yangu, mbwa ninyi!" Akampiga wa kwanza bega, akampiga wa pili mgongo. Wa tatu alikuwa mtu ambaye labda hawakuwahi hata kusalimiana, mtu wa soko tu, kashika goti la sanamu kwa mikono miwili. Alimpiga nalo Amosi usoni. Akampiga tena alipokuwa anaanguka. Taya likahama.

Lakini kamba ya Thobias bado ilikuwa mkononi mwa kijana mmoja, na mwingine alikuwa bado na petroli yake. Hawa walikuwa wa duara la Amosi, walikuwa wametumwa, hawakujua waende wapi. Walikuwa wanamtazama mama wa saruji. Mama alikuwa kapiga magoti palepale, mzima, hajaguswa.

Bernadina akashuka. Alifika mbele ya mama yake na nyundo ikiwa imelowa jasho na damu ya kidole. Alikuwa ametumia msimu mzima wa mvua kuupata ule uso, ule mkunjo wa kati ya nyusi wakati vumbi linaingia machoni. Hakuwa na picha ya mama. Hiyo ndiyo ilikuwa picha.

"Dada," Thobias akasema kutoka chini. Hakuwa anaomba. Alikuwa anamwita tu, kama alivyomwita utotoni akiamka na njaa.

Pigo la kwanza halikumvunja. Alikuwa amemtengeneza vizuri mno. La pili likaufungua uso. La tatu na la nne alipiga macho yamefumba, na sauti iliyokuwa inatoka kifuani mwake ilikuwa ya mwanamke anayeponda mawe, hii! hii! hii! ile pumzi ya kila pigo. Kichwa kikadondoka, kikaviringika.

"Chukueni," akasema. "Kikubwa hicho. Kina nyingi."

Yule wa kamba akaiachia kamba. Yule wa petroli akaweka chupa chini, kwa uangalifu, kama mtu anayepanga kurudi, akajitupa juu ya kichwa. Wakaanza kung'ang'ania, wakapigana wao kwa wao juu ya uso wa Asteria.

Bernadina na Mama Zeeshan wakamvuta Thobias kwa makwapa. Alipiga ukelele mkono ulipoguswa, kisha akazimia, ikawa afadhali. Wakampandisha nyuma, juu ya vumbi la saruji. Dereva aliondoa gari kabla mlango haujafungwa. Njiani walipishana na gari la polisi likienda Katoro bila haraka.

Hospitalini Geita daktari alisema hatamkata mkono, atautia vyuma. Akasema hautanyooka tena. Mbavu zitapona. Jicho moja tungoje. Mama Zeeshan alikuwa ameshonwa mdomo, na hilo halikumzuia kupokea simu. Mchana alimletea Bernadina habari kwenye benchi la nje ya wodi.

"Wamevisaga vipande vyote. Watu wamepanga foleni kwa Sostenes, kila mtu na goti lake, na sikio lake. Wamepata uchafu wa kucha. Halafu yule kijana wake wa karashani akabanwa, akasema ukweli, kwamba marudio ulikuwa unachota hapohapo."

"Na Sostenes?"

"Wamechoma karasha. Yeye kakimbia, hawajui yuko wapi. Amosi analetwa huku na ambulensi, taya limefungwa." Akagusa nyuzi za mdomoni. "Mifuko yake ya mbale hakuna anayejua ilikokwenda."

Bernadina aliangalia mikono yake. Saruji ilikuwa imeingia kwenye lile jeraha la kidole, imeganda.

"Zeeshan ameongea na wale wa mfuko," Mama Zeeshan akaendelea. "Wamesikitika kweli. Nikawaambia, mlipieni basi kijana matibabu. Wakasema hawawezi, mfuko unagharamia msanii na kazi zake, ndugu hayumo. Lakini bima ipo. Dada wa bima atakupigia kutoka Dar. Wakiona sanamu zimevunjwa na ghasia watalipa, utamtibu mdogo wako, na nafasi yako wataishikilia mpaka utengeneze nyingine. Umenielewa? Akikuuliza nani alivunja, sema umati. Na si uongo."

"Si uongo?"

"Nusu si uongo. Bernadina, niangalie. Sema umati."

Simu ililia kabla hajajibu. Mama Zeeshan akaiweka kwenye spika, akaishika kati yao.

Sauti ya dada wa bima ilikuwa ya upole na ya kuchoka. Akampa pole. Akauliza kama mgonjwa anaendeleaje. Akauliza tarehe, mahali, kama polisi wana taarifa. Kisha akauliza lile swali.

"Samahani dada, inabidi niandike. Sanamu zilivunjwa na nani?"

Mama Zeeshan akamfinya paja.

Bernadina alijua ni neno moja tu. Alilijaribu mdomoni. Lakini alipofumba macho hakuona umati. Aliona mkunjo wa kati ya nyusi ukifunguka chini ya nyundo, na alijua ni mkono gani uliokuwa umeishika. Kama angeupa umati mapigo yale, angekuwa ameupa kila kitu.

"Mimi," akasema.

"Wewe, dada? Kwa bahati mbaya?"

"Hapana. Kwa nyundo. Zote nne. Na zingekuwepo nyingine ningevunja."

Upande wa pili zilisikika simu nyingine zikilia ofisini, mtu akicheka mbali.

"Dada, ukisema hivyo bima haiwezi kulipa," yule mwanamke akasema taratibu. "Na bila kazi, sidhani kama wale wa maonyesho... Unataka nikupigie baadaye? Utulie kwanza?"

"Nimetulia."

Mama Zeeshan alikata simu mwenyewe. Hakumgombeza. Alijifuta mdomo, damu ikawa imeanza upya kwenye nyuzi, akaondoka kwenda kuulizia bei ya vyuma.

Bernadina akaingia wodini. Thobias alikuwa macho, yaani lile moja. Mkono ulikuwa umening'inizwa.

"Nimesikia simu," akasema. "Wamesemaje? Utaenda lini?"

"Siendi."

"Si zina bima?"

Kiganja cha Bernadina kilinyanyuka chenyewe. Alikiona kikiwa juu, wazi, tayari, na Thobias alikiona pia, hakukwepa. Mgonjwa wa kitanda cha pili akageuza uso ukutani.

"Nilikwambia unyamaze, Thobi," akasema. "Nilikwambia."

Thobias akaanza kulia, na kwa kuwa pua ilikuwa imevunjika, kulia kulimtesa, akawa anatweta kama mtu anayezama. Bernadina akashusha kiganja. Akakaa ukingoni mwa kitanda, akachukua pindo la kanga, akamfuta damu na makamasi, kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, na alipopiga kelele hakuacha.